Kudai Mafao Ukiwa Huna Kazi: Yaliyonipata Kati ya Malaba na Mbale

Uganda haina posho ya wasio na kazi. Natangulia kusema hivyo kwa sababu tangu habari zienee kwamba nimelipwa na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, baada ya kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi kufunga ofisi yake ya Malaba, mpakani na Kenya, watu wananipigia simu kuniuliza fomu ya kuomba fedha za kukosa ajira hupatikana dirisha gani, na kila mara inanibidi nieleze upya kuwa nilicholipwa ni akiba yangu mwenyewe, iliyokatwa kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi, na kwamba kukosa kazi peke yake kusingenipatia hata shilingi moja. Nililipwa kwa kuwa nilikuwa nimetimiza miaka 50 na nimekaa mwaka mzima bila ajira ya kudumu. Kijana wa miaka 30 aliyeachishwa kazi jana, mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba inayomngoja, angeelezwa kwa upole kabisa kwamba arudi baada ya miaka 15, atakapofikia umri wa kuchukua walau sehemu ya akiba yake.

Nilikuwa karani wa nyaraka katika kampuni ya uwakala wa forodha tangu mwaka 2006. Anayeifahamu Malaba ya zamani ataikumbuka ile foleni ya malori iliyorudi nyuma ndani ya Kenya kwa kilomita nyingi, madereva wakilala chini ya matrela yao wakingoja karatasi, na sisi makarani tukikimbia na mafaili kati ya ofisi za pande mbili za mpaka. Msongamano ule ulikuwa adha kwa wafanyabiashara, lakini ndio uliotulisha. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, mizigo ya Uganda ikaanza kukadiriwa na kulipiwa kodi kabla haijatoka Mombasa, na kampuni zenye uwezo zikahamishia watu wao huko. Kwetu ikabaki kazi ya kuhakiki, kufuatilia magari yaliyokwama na kusahihisha nyaraka zilizokosewa pwani. Siwezi kuulaumu mpango huo kwa haki, maana safari ya lori kutoka Mombasa hadi Kampala iliyokuwa ikimaliza wiki mbili na zaidi ikawa ya siku chache tu. Ila kila mara nikisikia mafanikio hayo yakitajwa, hukumbuka kwamba zile siku zilizookolewa ndizo zilizokuwa mshahara wa watu.

Ofisi yetu ilijikongoja hadi mwaka 2023. Barua zikaja katika bahasha za kaki, kila moja na jina la mwenyewe kwa wino wa kijani aliopenda kuutumia mhasibu, zikitupa notisi ya mwezi mmoja na kututakia kila la heri katika shughuli zetu zijazo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyetumika zaidi ya miaka kumi apewe notisi isiyopungua miezi mitatu, au alipwe fedha badala yake. Nilijua hilo kwa sababu kazi yangu ilikuwa kusoma maandishi madogo, nikaenda kwa ofisa wa kazi wa wilaya.

Hapa ndipo penye kitu kinachokaribia ile ofisi ya kazi ambayo ndugu zetu walio Ulaya huizungumzia, ingawa haitafutii mtu kazi wala haimpi posho. Ni chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma lisilofungika vizuri, na benchi nje ambalo siku ile lilikuwa na walinzi wa usiku wasiolipwa, mama aliyefanya kazi za nyumbani akafukuzwa bila mshahara wake, na mimi niliyevaa shati la kola kama mtu aliyekuja kukagua hesabu. Ofisa aliisoma barua yangu mara mbili, akauliza nilianza kazi lini, kisha akampigia simu meneja wangu pale pale na kufungua spika ili nisikie. Hakupandisha sauti. Alimsomea kifungu, akanyamaza, akamwacha mwenzake ajaze ule ukimya mwenyewe. Kampuni ilinilipa ile miezi miwili iliyosalia kwa mafungu, tena kwa kuchelewa, lakini ililipa. Kabla sijaondoka aliniambia mambo mawili ambayo nayarudia kwa kila anayeniuliza: kwamba mtu anayeona ameachishwa kazi kinyume cha sheria apeleke malalamiko yake ndani ya miezi mitatu, na kwamba asiondoke bila kudai cheti cha utumishi, kwa maana ni haki yake na bila karatasi hiyo atahangaika kuthibitisha kuwa aliwahi kufanya kazi mahali popote. Kuhusu kiinua mgongo alikuwa mkweli zaidi kuliko nilivyotarajia. Sheria inaacha kiwango chake kijadiliwe kati ya mwajiri na wafanyakazi, na mwajiri anayefunga ofisi hana haraka ya kujadili.

Baada ya hapo ukaja mwaka wenyewe, ambao nitaueleza kwa ufupi kwa sababu wengi wenu mnaujua. Shemeji zangu walichangia karo. Mke wangu aliongeza unga na mkaa katika biashara yake ya rejareja. Mimi nilikaa karibu na mpaka na kuwajazia madereva fomu kwa ujira wa chai, na mwezi ulipokuwa mbaya nikakopa kwa simu, mikopo ambayo ada zake huhesabiwa kwa mwezi na si kwa mwaka. Jirani mmoja alinishauri niombe fedha za PDM, ule Mfumo wa Maendeleo wa Parokia uliozinduliwa mwaka 2022, ambao humpa mkopaji shilingi milioni moja kwa riba ya asilimia sita kwa mwaka. Nilikwenda kusikiliza. Mpango ule umeelekezwa kwa kaya zinazolima kwa ajili ya kula tu, ili ziingie katika uchumi wa fedha, na mtu anayetoka katika uchumi huo akiporomoka si mlengwa wake. Mama mkwe wangu, aliyevuka miaka 80, hupata shilingi 25,000 kwa mwezi za wazee. Kwa hiyo katika nyumba yetu serikali ilimwona bibi na ilikuwa tayari kumwona mkulima wa muhogo. Mtu mzima aliyepoteza mshahara ndiye aliyekosa dirisha lake.

Jambo lililonikera zaidi katika kipindi hicho halikuwa umaskini, bali hesabu. Akiba yangu ya NSSF haikulala. Katika mwaka wa fedha 2023/24 wanachama walipewa riba ya asilimia 11.5. Nilikuwa mtu mwenye mamilioni yanayozaa upande mmoja na mkopo wa simu unaonitafuna upande wa pili, na kati ya hayo mawili kulikuwa na kalenda. Wengine huuliza kwa nini sikuchukua ile asilimia 20 ya akiba ambayo mwanachama huruhusiwa kuichukua kabla ya wakati. Niliichukua mapema, mwaka 2022, nikiwa bado kazini. Wakati wa karantini ya Korona mwaka 2020 wafanyakazi walilia wapewe sehemu ya fedha zao. Bunge likapitisha muswada, Rais akaurudisha, ukapitishwa tena, na hatimaye akatia saini Januari 2022. Mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka kumi anaweza kuchukua hadi asilimia 20, na mwenye ulemavu anaweza kuchukua hadi nusu akiwa na miaka 40. Kilio kilikuwa cha watu waliopoteza kazi, lakini sheria iliyozaliwa inapima umri na miaka ya kuchangia, wala haiulizi kama una kazi au huna. Mimi niliyekuwa na mshahara nililipwa na kuezeka nyumba, ilhali mwenzangu wa miaka 38, tuliyeachishwa naye kazi mwaka 2023, hakupata kitu.

Shemeji yangu mkubwa anaishi Leicester, Uingereza, na yeye alipopunguzwa kiwandani tulikuwa tukilinganisha mambo yetu kwa simu usiku. Kwao mtu hujaza ombi la Universal Credit, posho ya serikali, kwenye intaneti, kisha huitwa Jobcentre, ofisi yao ya kazi, kuonana na mshauri, wakatia saini makubaliano ya kile atakachofanya kutafuta kazi, na kwa mtu asiye na kikwazo hutegemewa atafute kwa saa zipatazo 35 kwa wiki na kuandika kila hatua katika daftari la mtandaoni. Malipo ya kwanza hungojewa kwa takriban wiki tano. Anayeshindwa kungoja huweza kuomba fedha ya mbele, lakini hukatwa baadaye. Akikosa miadi bila sababu ya kuridhisha, posho hupunguzwa. Shemeji alichukia sana kuulizwa na kijana mdogo ni barua ngapi ameandika wiki hiyo, na alikuwa na haki ya kuchukia, kwa maana hakuna mtu mzima anayependa kufanywa mwanafunzi. Nilimsikiliza, nikamwambia, "Kaka, wewe unalalamikia wiki tano, mimi ninahesabu mwaka, na mwisho wa mwaka nitapewa fedha zangu mwenyewe." Akacheka, halafu akanyamaza, kisha akaniuliza kama nataka atume chochote. Alituma. Ukichunguza, basi, sehemu ya posho ya Uingereza ilivuka bahari kuja kumlisha asiye na kazi wa Malaba.

Ofisi zao za kazi si jambo la jana. Za kwanza za serikali zilifunguliwa mwaka 1910, wakati wizara ya biashara ikiwa chini ya Winston Churchill, yule yule aliyepita hapa Uganda mwaka 1907 akaisifu sana nchi yetu, na mwaka 1911 ikapitishwa sheria ya bima ya taifa iliyowalipa wafanyakazi wa baadhi ya viwanda walipokosa kazi. Waingereza walitutawala kwa miaka mingi baada ya sheria hiyo bila kutuletea kitu cha aina yake. Sisi wenyewe tulipoanza mwaka 1967, kisha tulipounda NSSF kwa sheria ya mwaka 1985, tulichagua mfuko wa akiba: mfanyakazi hukatwa asilimia tano ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia kumi, na fedha hizo hukaa katika akaunti ya mtu mmoja hadi atimize masharti ya umri, apate ulemavu, ahame nchi moja kwa moja, au afe wakachukua warithi.

Nafikiri kiini cha tatizo letu kiko hapo, wala hakiko kwa maofisa. Kijijini tunaelewa vizuri tofauti ya akiba na bima, ingawa hatutumii maneno hayo. Katika kikundi cha kuzikana kila mmoja hutoa kidogo, na mwaka huu aliyefiwa ndiye anayechukua. Hakuna anayesimama makaburini kudai arudishiwe kiasi chake kwa kuwa kwake hakukutokea msiba. NSSF haikujengwa hivyo. Kila mmoja ana chungu chake na hakuna chungu cha pamoja cha kumwinua aliyeanguka, kwa hiyo ukiruhusu watu wachote kila wanapopoteza kazi utawakuta na miaka 60 wakiwa mikono mitupu, na ukiwazuia utawakuta na miaka 40 wakikopa kwa simu. Watanzania wamejaribu njia nyingine. Katika mageuzi yao ya mwaka 2018 waliondoa fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako ukiacha kazi, jambo lililowaudhi wafanyakazi wengi, wakaweka fao la kukosa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 na kupoteza kazi bila kujiuzulu mwenyewe hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Si nyingi, na kibarua wa msimu hafikishi miezi hiyo 18 kwa urahisi, lakini theluthi ya mshahara kwa nusu mwaka ingenitosha kutomsumbua mtu wa Leicester. Afrika Kusini nayo hukusanya asilimia moja kwa mfanyakazi na moja kwa mwajiri kwa ajili ya jambo hilo hilo. Ningekubali kukatwa asilimia moja zaidi kwa miaka yote niliyofanya kazi, na ningelalamika kila mwezi nikiiona kwenye slipu.

Mwaka ulipotimia nilipanda taksi hadi Tororo, kisha nyingine hadi Mbale, nikiwa na bahasha yenye barua ya kuachishwa kazi, cheti cha utumishi, kitambulisho cha taifa na taarifa ya benki, pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa sababu nchi hii haijawahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kuwa na barua nyingi mno. Ofisi ilikuwa safi, yenye viti na namba za foleni, na dada aliyenihudumia alianza kwa kusema, "Karibu, mzee wangu." Hakuna aliyewahi kuniita mzee kazini, hata madereva waliniita karani, na nadhani ndipo nilipoelewa kwamba nimekuja kudai mafao ya umri na si ya kukosa kazi.

Kikwazo kilikuwa tarehe ya kuzaliwa. Aliyenisajili mwaka 2006 aliandika Julai, na kitambulisho nilichopata katika uandikishaji mkubwa ulioanza mwaka 2014 kinasema Juni. Vitambulisho hivyo vimefichua maelfu ya tofauti za aina hii, majina yaliyopinduliwa, herufi zilizozidi, wazee waliozeeka au kurudi ujana kwa kalamu ya mwandikishaji. Nililazimika kwenda kwa kamishna wa viapo, mwanasheria aliyekuwa na ofisi juu ya duka la vipuri, nikaapa mbele yake kwamba mtu wa Juni na mtu wa Julai ni mtu mmoja. Aligonga mhuri, akanitazama na kuuliza, "Sasa sherehe utafanya lini?"

Niliporudi dirishani nikaulizwa swali nililokuwa nimeliogopa njia nzima: "Kwa sasa unafanya kazi gani?" Nilifikiri juu ya zile fomu za madereva, juu ya duka la mke wangu ambako hupima unga jioni, juu ya shamba la muhogo. Shemeji yangu angelazimika kutaja kila senti ya ujira wake, na posho yake ingepunguzwa kadiri anavyopata. Nilimweleza dada yote kama yalivyo. Akasema, "Hiyo ni kuhangaika, mzee. Ninachouliza ni kama kuna mwajiri anayekulipa mshahara." Sheria inaangalia ajira ya kawaida, yenye mwajiri na mchango. Kwa tafsiri hiyo sehemu kubwa ya Waganda hawana kazi maisha yao yote, ingawa hawapumziki hata Jumapili, na ndiyo sababu, nadhani, wanasiasa wetu hawaoni haja ya kujadili posho ya kukosa ajira: hawajui waanzie kuhesabu wapi.

Alipofungua akaunti yangu kwenye kompyuta tuliona pengo. Katika miezi ya mwisho ya kampuni hakuna kilichowasilishwa, ilhali slipu zangu zilionyesha ile asilimia tano ikikatwa kama kawaida. Nilikuwa nimezitunza zote, zikiwa zimebanwa kwa mpangilio wa miezi, na dada yule alizichukua kwa furaha ambayo karani pekee huielewa. Nikaambiwa kwamba mwajiri anayekata bila kupeleka anaweza kudaiwa deni hilo pamoja na faini, kwamba kuna wakaguzi wa kazi hiyo, na kwamba malipo ya kilichomo kwenye akaunti yataendelea bila kungoja mzozo huo uishe. Fedha ziliingia benki kabla ya mwezi kwisha. Nililipa karo, nikafuta mikopo ya simu, nikamrudishia shemeji sehemu ya fedha zake ingawa alikataa mara ya kwanza, na nikanunua mashine ya kunakili na kuchapisha ambayo sasa iko katika kibanda changu karibu na stendi.

Suala la miezi ile halijaisha. Kampuni bado ina ofisi Kampala na Mombasa, wakaguzi wamekwisha kuandika barua, na wenzangu wanne tuliofunga ofisi pamoja wameleta slipu zao tuziambatishe katika lalamiko moja. Mmoja wao ni yule wa miaka 38. Yeye hadai mafao kwa kuwa hana la kudai kwa miaka saba ijayo, lakini mchango wake usiopelekwa anaudai, na ndiye anayekwenda Mbale kufuatilia faili kwa sababu, kama anavyosema, kati yetu sote yeye ndiye asiye na kazi.